Hodi ya nne: uchambuzi wa joto lililoua watu 619 British Columbia, Juni 2021

Mtu akitajiwa Kanada hufikiria theluji kwanza, na hata ndugu zetu wanaohamia huko hupewa ushauri wa makoti na viatu vya baridi kabla hawajapanda ndege. Ndiyo maana kisa cha jimbo la British Columbia, lililoko magharibi kabisa mwa nchi hiyo kando ya Bahari ya Pasifiki, kinastahili kusomwa kwa makini. Kati ya tarehe 25 Juni na tarehe 1 Julai 2021 joto lisilo la kawaida lililifunika jimbo hilo, na ofisi ya jimbo inayochunguza vifo vya ghafla, iliyokuwa ikiongozwa na Lisa Lapointe, hatimaye ilihesabu watu 619 waliokufa kwa sababu ya joto hilo. Katika nyumba nyingi umeme ulikuwepo, maji yalitoka bombani, barabara zilipitika, na watabiri wa hali ya hewa walikuwa wameshatangaza siku kadhaa kabla kwamba joto kali linakuja.

Jopo lililoundwa kuvipitia vifo hivyo kimoja kimoja lilitoa taarifa yake Juni 2022, na ndani yake mna takwimu moja ambayo ningeomba msomaji aishike kuliko zote: asilimia 98 ya vifo hivyo vilitokea ndani ya nyumba. Asilimia 67 ya marehemu walikuwa na umri wa miaka 70 au zaidi, na zaidi ya nusu waliishi peke yao. Wasomaji walioko Ghuba wataona tofauti mara moja. Huko Oman, kwa mfano, kinga kubwa ya sheria ni kwa mfanyakazi aliyeko juani, ndiyo maana kazi za nje hupigwa marufuku kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana katika miezi ya Juni hadi Agosti. British Columbia mambo yalikuwa kinyume chake, kwa kuwa jua lilikuwa nje na kifo kilikuwa sebuleni.

Swali la uchambuzi huu basi si kwa nini watu hawakuonywa, kwa maana walionywa. Swali ni kwa nini onyo sahihi, lililotolewa kwa wakati, halikufika mahali ambapo watu walikuwa wakifia.

Kawa juu ya sahani

Wataalamu wa hali ya hewa huliita jambo lililotokea kuba la joto, lakini mtu wa pwani angeweza kuliita kawa. Eneo kubwa la hewa yenye mgandamizo mkubwa lilikaa juu ya nchi bila kusogea, mfano wa kawa iliyofunikia sahani ya chakula. Hewa iliyoko juu ilishuka, na kila ilivyoshuka ilibanwa, na kila ilivyobanwa ilizidi kupata moto. Mawingu hayakuweza kujikusanya, jua la mwishoni mwa Juni, ambalo huko huwaka kwa muda wa saa 16 hivi kwa siku, likapiga ardhi bila kizuizi, na joto lililopandishwa na ardhi likakosa pa kutokea. Kundi la kimataifa la wanasayansi linalochunguza uhusiano wa matukio ya hali ya hewa na mabadiliko ya tabianchi lilikadiria baadaye kwamba tukio hilo lisingewezekana kabisa, au lingekuwa nadra mno, kama binadamu asingekuwa ameshaipasha dunia joto.

Kijiji cha Lytton, kilichoko bondeni ambapo mto Thompson huungana na mto Fraser, kilivunja rekodi ya Kanada siku tatu mfululizo. Tarehe 27 Juni kipimo kilisoma nyuzi 46.6, tarehe 28 kikasoma 47.9, na tarehe 29 kikafika 49.6. Rekodi ya zamani ya nchi nzima ilikuwa nyuzi 45, na ilikuwa imedumu tangu 1937. Kwa kawaida rekodi za namna hiyo huvunjwa kwa nusu nyuzi au chini ya hapo, na hii ilivunjwa kwa zaidi ya nyuzi nne.

Hata hivyo tusipotezwe na Lytton. Wengi wa waliokufa hawakuishi bondeni kule, bali katika miji mikubwa iliyozunguka Vancouver, ambako namba zilikuwa ndogo na kwa hiyo zilidanganya. Kiwanja cha ndege cha Vancouver kiko kando ya bahari na hupigwa na upepo wake. Siku zile kilisoma nyuzi thelathini na kitu, joto ambalo mtu wa Tanga au Mombasa angelipokea bila hata kunung'unika. Abbotsford, mji ulioko bara zaidi katika bonde lilelile la mto Fraser, ulifika nyuzi 42.9. Mkazi wa mtaa wa katikati, aliyesikia redioni joto la kiwanja cha ndege, alikuwa akisikia habari za mahali ambapo hakuishi.

Tena kuna usiku. Katika eneo hilo usiku wa Juni kwa kawaida hupoa hadi nyuzi 13 hivi, na nyumba zimejengwa kwa kutegemea ubaridi huo. Katika kuba la joto usiku haukupoa vya kutosha, na mwili uliochoshwa na mchana haukupata pa kupumzikia.

Ndani ya ghorofa

Mtu akitaka kuelewa vifo hivi, asimame kwa fikra katika ghorofa ya tatu ya jengo la kupanga la miaka ya sabini, lenye kuta za mbao, paa bapa la lami, na dirisha kubwa linalotazama magharibi. Nyumba hiyo ilijengwa kwa nia moja tu, nayo ni kuzuia joto lisitoroke wakati wa baridi. Kuta zimejazwa sufi ya kuhifadhi joto, milango ya vyumba inafungukia kwenye ujia wa ndani usio na hewa, na upepo hauna njia ya kuingia upande mmoja na kutokea mwingine. Madirisha ya majengo mengi ya aina hiyo hufunguka upana wa kiganja tu, ili mtoto asije akaanguka. Hakuna pangaboi darini, hakuna baraza, hakuna ukuta mnene wa mawe ya matumbawe kama wa nyumba za Mji Mkongwe ambao hulimeza joto la mchana. Kiyoyozi hakijawahi kuhitajika, na baadhi ya mikataba ya upangaji hata inakikataza.

Siku ya kwanza ya joto, nyumba kama hiyo inavumilika. Jua la alasiri linapoingia kwa dirisha la magharibi, chumba hupata joto lake kubwa zaidi si saa nane mchana bali saa moja au saa mbili usiku, wakati ambapo mtaani watu wameshaanza kusema afadhali. Asubuhi ya pili chumba kinaanza siku kikiwa bado na sehemu ya joto la jana. Asubuhi ya tatu kinaanza na la juzi na la jana. Vifo vya British Columbia vilifuata mkondo huo, vikapanda kwa kasi na kufikia kilele tarehe 28 na 29 Juni, baada ya nyumba kujilimbikizia joto la siku tatu au nne.

Hapa ndipo ninapoona kosa la ushauri wa siku zote. Kwa miaka mingi tangazo la joto limekuwa na maneno yaleyale: kunywa maji, epuka jua, kaa ndani. Kwa kijana anayecheza mpira uwanjani ni ushauri mzuri. Kwa mzee wa miaka 78 aliyeko katika ghorofa niliyoieleza, maneno «kaa ndani» ni sawa na kumwambia asiondoke jikoni wakati tanuri limewashwa.

Mfano mwingine wa hali hiyo ulionekana ufukweni. Christopher Harley, mwanabiolojia wa bahari katika Chuo Kikuu cha British Columbia, alifika ufuko wa Kitsilano katika siku za joto lile, na kabla hajaona chochote alisikia harufu ya uvundo. Maji yalikuwa yametoka, na kome waliogandamana na miamba walikuwa wameachama, nyama imeiva ndani ya magamba. Alipopima miamba kwa kamera ya joto alikuta imepita nyuzi 50. Makadirio yake baadaye yalikuwa kwamba zaidi ya viumbe bilioni moja wa ufukweni walikufa katika eneo hilo la bahari. Samaki aliweza kuzamia kwenye maji ya chini, lakini kome ameng'ang'ania mwamba wake na hana pa kwenda. Nisingetaja habari hii kama haingesema jambo kuhusu binadamu pia: aliyekufa hakuwa lazima dhaifu kuliko wote, bali alikuwa yule asiyeweza kuhama.

Kwa nini hawakuomba msaada

Mwili hujipoza kwa njia mbili kubwa, yaani kupeleka damu nyingi kwenye ngozi na kutoa jasho. Uzeeni njia zote mbili hupungua nguvu, na pamoja nazo hupungua kiu, hivi kwamba mzee anaweza kuishiwa maji mwilini bila kutamani hata funda moja. Moyo unalazimika kusukuma damu kwa kasi zaidi ili kuipeleka kwenye ngozi, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo kazi hiyo huweza kuwa ya mwisho. Kuna pia dawa zinazoongeza hatari: zile za kutoa maji mwilini ambazo wagonjwa wengi wa shinikizo la damu huzimeza kila asubuhi, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili ambazo huzuia jasho na kuvuruga uwezo wa ubongo wa kupima joto la mwili. Uchunguzi wa British Columbia ulionyesha kwamba watu wenye skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, walikuwa wengi miongoni mwa waliokufa kupita kiasi cha wingi wao katika jamii.

Taarifa ya jopo ina jambo jingine linalouma. Zaidi ya asilimia 60 ya marehemu walikuwa wamemwona mhudumu wa afya katika muda wa mwezi mmoja kabla ya kufa. Watu hao hawakuwa wamefichika. Walijulikana kwa majina, kwa magonjwa na kwa dawa zao, na kila ziara ya kliniki ilikuwa nafasi ya kuuliza swali moja fupi, kwamba nyumba yako ina sehemu gani ya kupoa na nani atakuja kukutazama joto likizidi.

Ugonjwa wenyewe nao una hila. Joto la mwili likipita nyuzi 40, ubongo ndio huanza kuharibika mapema, na dalili ya kwanza mara nyingi ni kuchanganyikiwa, kusinzia au kusema maneno yasiyoeleweka. Kwa maneno mengine, kiungo ambacho mgonjwa angekitumia kutambua kwamba yuko hatarini ndicho kinachozimika. Kumwachia mtu huyo jukumu la kupiga simu mwenyewe ni kumwomba kipofu asome kibao cha onyo.

Sisi Waswahili tuna tatizo letu la ziada hapa, na linatokana na adabu. Bibi akipigiwa simu na mjukuu wake, akaamkiwa shikamoo, ataitikia marahaba. Akiulizwa hali atasema hajambo, na joto je, atasema ni la kawaida tu, Mungu anasaidia. Atasema hivyo akiwa mzima, na atasema hivyohivyo akiwa hajala tangu jana. Majibu ya salamu zetu yamewekwa tayari kwa ajili ya kumtuliza anayeuliza, si kwa ajili ya kumpa habari. Anayempigia mzee simu wakati wa joto hana budi kupita mlango wa salamu na kuuliza mambo yanayopimika: kipimo cha chumbani kinasoma ngapi sasa hivi, mara ya mwisho ulikwenda haja ndogo saa ngapi na mkojo ulikuwa wa rangi gani, umevaa nini, umekunywa nini tangu asubuhi, dirisha lipi limefunguliwa. Sauti ikiburura au majibu yakipishana na maswali, simu imeshafanya kazi yake na sasa anahitajika mtu wa kwenda kwa miguu.

Tena kuna ile kauli ya kwamba sisi tumezoea joto. Mwili huzoea joto katika muda wa wiki moja hadi mbili za kuishi nalo, na mazoea hayo hupotea baada ya wiki chache za kuishi mbali nalo. Mtu aliyezaliwa Lamu na ambaye amekaa majira ya baridi kumi mfululizo mjini Surrey, jirani na Vancouver, hana kinga yoyote iliyobaki mwilini mwake zaidi ya kumbukumbu.

Namba 911

Waliopiga simu nao hawakuhudumiwa kwa wakati. Simu kwa 911, namba ya dharura ya Kanada, ziliongezeka mno kuliko uwezo wa kuzipokea, na wengine waliwekwa wakisubiri laini. Jopo lilihesabu visa 50 ambapo wahudumu wa gari la wagonjwa walichukua dakika 30 au zaidi kufika. Tarehe 29 Juni, siku ambayo vifo vilikuwa vimeshafika kileleni, ndipo kituo cha uongozi wa dharura cha huduma hiyo kilipoanza kufanya kazi kikamilifu. Sina haja ya kuwalaumu wahudumu walioshinda na kukesha wakipanda ngazi za majengo yasiyo na hewa. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba katika maafa ya joto gari la wagonjwa ni mlango wa mwisho, na kila aliyeufikia alikuwa ameshapita milango mingine iliyokuwa imefungwa.

Inasikitisha zaidi kwa sababu somo hilo lilikuwa limeshafundishwa. Chicago ilipoteza watu zaidi ya 700 katika joto la Julai 1995, na watafiti waliochunguza vifo vile walikuta kwamba kuishi peke yako na kutotoka nyumbani kulikuwa miongoni mwa hatari kubwa. Ufaransa ilipoteza watu wapatao 15,000 mwezi Agosti 2003, wengi wao wazee, na sheria ya 2004 ikawataka mameya waweke daftari la wazee na walemavu wanaoishi peke yao ili wapigiwe simu joto linapozidi. British Columbia ilikuwa na maarifa hayo yote vitabuni.

Mkoba wa moto, na joto lisilo na mkoba

Jioni ya tarehe 30 Juni, siku moja baada ya Lytton kusoma nyuzi 49.6, moto ulikivamia kijiji hicho kilichokuwa na wakazi 250 hivi. Watu waliondoka na walichokuwa nacho mkononi, na sehemu kubwa ya kijiji ikateketea. Wawili walikufa. Picha za Lytton zilizunguka dunia nzima, na ni haki yake, lakini tazama jinsi akili zetu zinavyopanga hofu. Moto ulioua watu wawili una moshi, una ving'ora, na una orodha inayojulikana ya vitu vya kuweka katika mkoba wa dharura: vitambulisho, dawa za wiki, tochi, redio ya betri, maji, fedha taslimu, chaja. Joto lililoua watu 619 halina mkoba wake. Mkazi aliyejiandaa kwa moto kwa ukamilifu angeweza kufa kwa joto mkoba wake ukiwa umesimama kando ya mlango.

Nikiulizwa mkoba wa joto uwe na nini, ningeanza na kipimajoto cha chumbani, kifaa cha bei ndogo ambacho kina thamani kuliko tangazo lolote la redio kwa kuwa kinasema habari za chumba chako. Mwongozo uliotolewa na wataalamu wa afya wa British Columbia baada ya 2021 unasema kwamba chumba chenye nyuzi 26 au chini kinafaa kwa watu wengi, na kwamba chumba kinachobaki juu ya nyuzi 31 ni hatari kwa walio dhaifu. Kwa hiyo mtu asiye na kiyoyozi aamue mapema, kabla ya Juni, kwamba kipimo kikipita 31 na jua halijazama, ataondoka, na ajue anakwenda wapi: kwa jirani wa ghorofa ya chini, kwa ndugu mwenye kiyoyozi, maktaba, duka kubwa, msikiti au kanisa lililofungua ukumbi wake. Uamuzi huo ufanywe kichwa kikiwa kimetulia, kwa sababu nimeshaeleza kinachokipata kichwa baadaye.

Suala la madirisha ndilo linalowatatiza sana watu waliotoka pwani. Kwetu dirisha hufunguliwa mchana kutwa, kwa kuwa upepo wa bahari huwa na ubaridi kuliko chumba. Katika kuba la joto hewa ya nje ndiyo moto wenyewe, na kufungua dirisha saa nane mchana ni kuukaribisha ndani. Madirisha na mapazia yafungwe kuanzia saa tatu au saa nne asubuhi, kabla nje hakujawa na joto kuliko ndani, na yafunguliwe yote usiku nje kukishapoa. Shuka nyeupe au ubao uliowekwa upande wa nje wa kioo husaidia zaidi ya pazia la ndani, kwa maana jua likishapita kioo joto limeshaingia. Watoto watazamwe sana kwenye madirisha yanayofunguka wazi.

Feni huwasaliti watu wengi. Ikiwa hewa ya chumba ina joto linalokaribia lile la mwili, feni humpulizia mzee hewa ya moto, na humfanya ajisikie nafuu bila kuushusha moto uliomo ndani yake. Maji ndiyo hufanya kazi: fulana iliyoloweshwa ikavaliwa mbichi, miguu ndani ya beseni, kitambaa chenye maji shingoni, kuoga maji ya uvuguvugu yanayoelekea kwenye ubaridi. Feni ikipuliza ngozi iliyoloa ina maana; ikipuliza ngozi kavu haina. Dawa zisiachwe kwa kukisia. Daktari au mfamasia aulizwe majira hayajaanza, hasa kuhusu zile za kutoa maji na za magonjwa ya akili.

Tangu 2021 jimbo limebadilika, na haki isemwe. Mwaka 2022 kulianzishwa mfumo wa tahadhari wenye ngazi mbili, onyo la joto na dharura ya joto kali, na ngazi ya pili huruhusu ujumbe kupigwa moja kwa moja kwenye simu za mkononi. Mwaka 2023 serikali ilitoa dola milioni 10 kwa ajili ya kugawa viyoyozi 8,000 bila malipo kwa wenye kipato kidogo na walio hatarini. Kanuni za ujenzi za 2024 zinataka kila makazi mapya yawe na angalau chumba kimoja kisichozidi nyuzi 26. Lakini jengo la miaka ya sabini nililolieleza bado limesimama na bado lina wapangaji, na ujumbe wa simu hauna msaada kwa aliyeiacha simu chumbani au aliyeshindwa kuusoma. Kwake yeye kinachobaki ni mtu wa kugonga mlango, na kwa maoni yangu hapa ndipo misikiti, makanisa na vyama vya Waswahili vya ughaibuni, ambavyo tayari vina orodha za nani mgonjwa na nani mjane, vingeweza kufanya zaidi ya vinavyofanya. Orodha ya michango ya misiba ndiyo hiyohiyo ingetosha kuzuia misiba mingine. Kila jina lipangiwe mtu mmoja wa kulitembelea mara mbili kwa siku, na mara moja kati ya hizo iwe jioni, saa moja au saa mbili, chumba kinapokuwa na joto kuliko wakati wote.

Mtembezi huyo atakutana na kikwazo cha mwisho, ambacho pia ni cha adabu. Tumefundishwa kupiga hodi mara tatu, na pasipoitikiwa kuondoka bila kinyongo, kwa kuwa mwenye nyumba ana haki ya kutofungua. Wakati wa dharura ya joto hodi ya tatu isiyoitikiwa ndiyo sababu ya kupiga ya nne, kwa sauti, kisha kumpigia msimamizi wa jengo na namba 911. Afadhali zaidi, mwenyeji akiwa na akili zake timamu mwezi wa Mei, akubaliane na jirani au jamaa kwamba ufunguo wa akiba ukae kwake na utumike bila aibu.

Akiingia akamkuta mzee amesinzia, ngozi ina moto, maneno hayaeleweki, asianze kumnywesha maji, kwa maana asiye na fahamu kamili anaweza kupaliwa. Dawa ya homa pia haisaidii, kwa kuwa hii si homa. Apige 911 na kueleza kwamba mgonjwa amechanganyikiwa kwa joto, amvue nguo nzito, amloweshe mwili mzima kwa maji yoyote yaliyopo, ampepee kwa feni au kwa gazeti, aweke barafu au mfuko wa mboga zilizogandishwa shingoni, kwapani na kwenye kinena, na aendelee hivyo bila kusimama hadi wahudumu watakapopanda ngazi, hata ikichukua nusu saa.